Faili Nililolifungua Changamwe

Kazi niliyoajiriwa kuifanya, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ilikuwa kuzishuku barua za watu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Changamwe, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini iliyokuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya malori. Nilikuwa nikikaa Mikindani kwa wazazi wangu, ambao walitoka bara kabla sijazaliwa, na mtaani kwetu nilikuwa mtu wa kwanza kulipwa mshahara kwa sababu ya kompyuta. Mama yangu aliwaeleza majirani kwamba mwanawe anatibu mashine. Sikumsahihisha.

Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Moja ilikuwa yangu, na hiyo ndiyo iliyopiga simu mara mbili kwa siku kwenda kuchukua barua pepe. Anwani ilikuwa moja tu kwa ofisi nzima. Barua zilikuja na viambatisho: hati za meli, orodha za bidhaa, ankara za wauzaji wa Dubai na Bombay. Kila kiambatisho nilikinakili kwenye disketi, nikaipeleka disketi hiyo kwenye mashine ya nne, kuukuu, iliyosimama peke yake pembeni bila kuunganishwa na chochote. Tuliiita karantini. Humo mlikuwa na programu ya kukagua virusi, na orodha ya virusi vilivyokwisha kujulikana ililetwa kila mwezi kwa disketi kutoka Nairobi. Faili likipita salama, ndipo nilipompelekea mwenyewe. Na likiwa si la kusomwa bali ni programu, la aina ile ambayo ukilibonyeza linaanza kufanya kazi lenyewe, nililifuta bila kulifungua, hata kama limetoka kwa nani.

Sheria hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani. Chini yake niliandika ya pili: hakuna disketi ya kutoka nyumbani. Meneja alipoziona alinipongeza mbele ya watu, na kwa muda wa wiki nzima nilitembea ofisini kama askari wa lango.

Mpiga chapa wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Mtongwe, aliyekuwapo ofisini tangu enzi za taipureta. Alipewa kompyuta mpya kuliko zote, yenye skrini ya rangi, kwa kuwa barua zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa mpole na mwenye lugha safi. Mimi nikisema "hii kitu", yeye alisema "kitu hiki" kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi kwenye nguo. Aliniita mwanangu, nami nilimwita mama, na asubuhi sikuketi kabla ya kumwamkia.

Saa ya chakula, baada ya kusali adhuhuri, hakutoka kama wengine. Alikula mkate wake haraka kisha akarudi kwenye kibodi. Siku moja nilimuuliza anaandika nini, akanieleza.

Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mtongwe. Alikuwa mzee sana, na macho yake yalikuwa yakizimika. Makaburi ya kwao hayana maandishi. Kuna jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, na mengine hata hayo hayana, ni majani tu yamemea. Kwa muda wa miaka hamsini mzee huyo alikuwa amewaosha na kuwazika watu wa pale, na kabla yake alimsaidia baba yake kazi hiyo hiyo. Wenzake walikuwa wamekwisha. Yeye ndiye aliyebaki akijua nani amelala wapi, na alikuwa ameamua kuyasema yote kabla hajaondoka. Kila Jumapili alikaa barazani na binti yake, akafumba macho, akaingia makaburini kwa akili yake kupitia mlango wa upande wa bahari, akafuata safu moja baada ya nyingine. Alitaja jina la mtu, jina la baba yake, na tena wema mmoja aliomkumbuka nao. Hakukubali mtu aandikwe bila wema wake. Binti aliandika kwa penseli nyuma ya fomu za zamani za ofisi, na katikati ya juma akayaingiza kwenye kompyuta. Meneja alimruhusu.

Nilisoma ukurasa mmoja kwenye skrini yake. Palikuwa na mwanamke aliyekuwa akiwatilia maji ya kisima chake watu wapitao. Palikuwa na mvuvi ambaye hakuwahi kurudi nyumbani bila kupitia kwa mjane wa jirani kumwachia kitoweo. Palikuwa na mtoto wa siku nne, na wema wake ulikuwa kwamba alikuwa akitabasamu.

Nilipenda kumsaidia, na hapo ndipo nilipoanza kumdhuru. Droo yake ilikuwa imejaa karatasi zile za penseli. Nilimwambia hazina haja tena, kwa kuwa kompyuta haisahau.

"Kwa hakika, mwanangu?" aliniuliza.

"Kwa hakika, mama."

Alizichukua nyumbani, na baada ya siku chache akaniambia kwa kucheka kwamba amempa jirani yake anayekaanga bajia, amepata za kufungia wateja.

Baadaye alinijia na ombi. Alitaka kuleta disketi ili aweke nakala ya kazi ya baba yake nyumbani. Nilimwonyesha ukuta. Nilimweleza, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, jinsi disketi za mitaani zinavyobeba maradhi, na kwamba nikimruhusu yeye kila mtu atataka. Alisema amefahamu. Mimi mwenyewe nilikuwa na sanduku zima la disketi za ofisi. Kila Ijumaa nilitoa nakala za mafaili ya kazi, na faili lake lingeingia kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba nakala za Ijumaa ni za kazi tu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu wa kukataa.

Nilikuwa na rafiki wa utotoni pale Mikindani, tuliyesoma naye darasa moja, aliyekwenda kufanya kazi Ghuba. Nilimpa anwani ya ofisi, jambo ambalo halikuruhusiwa. Siku moja ikaingia barua yake yenye mistari miwili ya salamu, na kiambatisho. Alisema nikifungue, nitacheka.

Kilikuwa programu. Nililiona hilo mara moja kwenye herufi za mwisho za jina lake. Faili hilo lingekuwa limetumwa kwa mtu mwingine yeyote ofisini, ningelifuta na kumpa somo. Lakini lilikuwa langu, na la rafiki yangu, na nilikuwa na hamu ya kuona walio Ghuba wanacheka nini. Disketi ya orodha mpya ya virusi ilikuwa imefika kutoka Nairobi juzi yake, nami nilikuwa bado sijaiingiza kwenye karantini. Ilikuwa mezani mwangu ndani ya bahasha yake.

Ilikuwa saa ya chakula. Mama alikuwa ameingia chumba cha stoo kusali. Mashine yangu haikuwa na rangi, ya kwake ilikuwa nayo. Nilinakili faili lile kwenye disketi, nikakaa kwenye kiti chake na kulifungua hapo.

Ukatokea mpira mdogo mwekundu. Ulidunda skrini nzima, na kila ukigonga ukingo ulitoa sauti ya kicheko. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yenyewe. Nilitazama labda kwa dakika moja, nikacheka kidogo, nikaufunga. Mama alipotoka, nilikuwa nimekwisha ondoka kitini pake. Mchana ule dhamiri ilinigusa kidogo, nikaipeleka disketi karantini nikaikagua kwa orodha ya zamani. Programu ikasema hakuna kitu. Niliridhika kabisa. Barua ya rafiki yangu niliifuta, disketi nikaitia kwenye droo yangu, miongoni mwa za ofisi.

Zilipita wiki tatu bila dalili yoyote. Virusi vya aina ile, nilikuja kujua, hungoja. Hukaa kimya, vikijinakili kutoka faili hadi faili, mpaka ifike tarehe viliyopangiwa.

Asubuhi hiyo nilifika na kukuta mama amekaa mbele ya skrini nyeusi. Alidhani amebonyeza pabaya. Nilizima na kuwasha, nikazima tena na kuwasha. Mashine haikujitambua. Nilikwenda kwenye ya karani wa hati, nayo ikawa hivyo hivyo, na ya kwangu pia. Karantini peke yake ilikuwa nzima. Kabla hata sijaanza kuchunguza niliuona mpira ule mwekundu machoni mwangu.

Mafaili ya ofisi tuliyarudisha kutoka kwenye nakala za Ijumaa, ingawa ilichukua siku kadhaa na fundi kutoka mjini kisiwani. Fundi huyo ndiye aliyesema kwamba vilikuwa virusi, na kwamba vilivyokuwa kwenye diski havirudi. Mama alimuuliza kwa adabu kama hata maandishi matupu hayarudi, yasiyo na picha. Alimwambia hata hayo.

Meneja alitaka kujua vimeingia kupitia wapi. Hakuwa mtu mkali, lakini wateja walikuwa wakimpigia simu na alihitaji jibu la kuwapa. Aliamuru droo zote zifunguliwe. Katika droo ya mama, ndani ya leso, ilipatikana disketi. Alieleza mwenyewe bila kuulizwa mara mbili. Ilikuwa ya binti wa dada yake, aliyekuwa akisomea kompyuta Kisauni. Aliileta ili aniombe tena ruhusa, akaona haya kuniomba. Siku moja aliitia kwenye mashine aone tu kama faili litaingia, akasikia hatua zangu kwenye ngazi, akaichomoa. Hakunakili kitu.

Meneja alinigeukia. "Inaweza kuwa ndiyo hii?"

Mama alikuwa akinitazama. Hakuwa akiniomba nimtetee. Alikuwa akingoja kujua, kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Inawezekana," nilisema.

Niliambiwa nikaikague. Niliketi mbele ya karantini, nikaingiza kwanza ile orodha mpya ya Nairobi, ambayo bado ilikuwa ndani ya bahasha. Kisha nikatia disketi ya mama. Ilikuwa na barua sita za mazoezi, za kuomba kazi kwa kampuni za kubuni, na haikuwa na virusi. Nikaikagua mara ya pili, na ikawa safi. Kisha nikafungua droo yangu, nikatoa disketi ya mpira. Mashine ililia mlio ambao sikuwahi kuusikia ukitoka kwa kitu changu, na jina la virusi hivyo likaandikika katikati ya skrini. Niliizima kwa kuchomoa waya, sikungoja kuizima kwa utaratibu.

Nilirudi kwa meneja. Aliuliza, "Vipi?"

"Disketi za nje ndizo zinazoleta mambo haya," nikasema.

Ukitazama vizuri, maneno hayo si uongo. Nilijifariji kwa hilo kwa muda mrefu. Meneja aliyachukua kuwa ni jibu, nami nilijua atayachukua hivyo, na ndiyo maana niliyasema. Disketi yangu niliivunja vipande viwili nikaitupa chooni.

Mama hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, kompyuta yake akapewa karani mwingine, naye akarudishiwa taipureta yake ya zamani awe akipiga bahasha na risiti. Alasiri hiyo hiyo alikuja mezani pangu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Uliniambia na sikukusikia. Nimekuharibia kazi yako."

Sijui nilimjibu nini. Nadhani nilisema si neno. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa amesimama na mimi nilikuwa nimekaa, na sikuinuka.

Sikulala vizuri miezi ile. Sikuwa na hofu ya kugunduliwa, kwa sababu hapakuwa na wa kunigundua. Kilichonisumbua ni mlio wa taipureta. Kila nikifungua kiambatisho, niliusikia upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa mkaguzi mzuri mno kuanzia siku hizo. Sikuacha faili lipite bila kukaguliwa mara mbili, na meneja aliniongeza cheo kwa ajili hiyo. Barua ya kupandishwa cheo ilipigwa na mama kwa mikono yake, akaniletea mwenyewe, akaniombea heri.

Hatimaye nilimwomba aniruhusu niende kwao Jumapili, nikaandike pamoja na mzee upya. Nilisema nitaandika kwa mkono, kwenye daftari. Alinishukuru hata nikaona haya zaidi.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe na makuti, karibu na mkono wa bahari, mahali ambapo asubuhi husikika tarumbeta ya kambi ya wanamaji. Mzee alikuwa barazani, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akapapasa kitanda cha kamba kando yake.

"Ndoo, mwanangu, keti hapa. Mato yangu yamekwisha, lakini ulimi upo."

Tulianza kwenye mlango wa upande wa bahari. Safu ya kwanza ilikuja yote, na ya pili karibu yote. Lakini tangu siku zile za mwanzo alikuwa ameugua homa ndefu, na alipofika safu ya tatu alianza kusimama. Aliinua mkono kama anayegusa ukuta gizani. Alimtaja mtu, akamwondoa, akamweka mbele, akamrudisha nyuma. Wema nao ukawa haba. Watu ambao hapo kwanza walikuwa na kisima chao, na kitoweo chao, na tabasamu lao, sasa wengi aliwaambatishia neno moja tu, kwamba walikuwa watu wema.

Alimuuliza binti yake, "Yule aliyekuwa akishona makanzu ya mayatima kila Ramadhani, alikuwa huku au kule?"

Binti alikuwa mlangoni na sinia. "Sikumbuki, baba. Niliandika, lakini sikuyatia akilini. Niliiachia mashine."

"Si neno," mzee alisema.

Binti aliporudi ndani, mzee aliinamia upande wangu. Aliniambia kwamba mwanawe amekonda. Usiku husali, kisha hulia, akidhani baba haoni kwa hiyo hasikii. Alikuwa amemsamehe, na kila Ijumaa humwombea dua, lakini msamaha haumwingii.

"Wewe ndiye uliyeyasoma mambo haya," alisema. "Mwambie kwamba si kosa lake. Mimi nikimwambia aona namhurumia tu."

Mlango ulikuwa wazi kwangu namna ambayo haijawahi kuwa wazi tena. Ingenitosha kusema maneno matatu. Mzee asingenipiga wala kunifukuza, hata sauti nadhani asingeinua. Nilikuwa na kalamu mkononi, na nakumbuka niliitazama ncha yake.

"Ajali hutokea, maalim," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. "Ndiyo," alisema. "Hutokea."

Tukaendelea na safu ya tatu. Nilikwenda Jumapili tisa. Katika safu ya tano mzee alilala kitandani hakuamka tena kukaa barazani, na baada ya mwezi alifariki. Alizikwa katika safu ya mwisho, upande wa barabara, na siku hiyo makaburini watu walinisogeza mbele, kwa sababu walisikia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Kijana mmoja alinishika bega, akaniambia nimefanya jambo kubwa. Nilitia udongo mara tatu kama nilivyoona wengine wakifanya, nikarudi nyuma ya watu.

Mama aliacha kazi mwaka uliofuata. Nilikaa na siri ile miezi mingine mingi, na sitajitetea kwa hilo. Kilichonitoa hatimaye kilikuwa kitu kidogo. Ofisini alikuja msichana wa kujifunza kazi, nikawa namwelekeza jinsi ya kukagua viambatisho, na akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kukosea. Nilifungua kinywa nimwambie hapana. Neno halikutoka. Nilimwambia aningojee, nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi.

Jumapili iliyofuata nilivuka kwenda Likoni, nikachukua gari la Mtongwe. Mama alinikaribisha vizuri, akatandika jamvi, akaleta chai. Nilimwomba asimimine kwanza. Nikamweleza yote kwa mpangilio wake: rafiki wa Ghuba, mpira, kiti chake, wiki tatu, disketi ya mpwawe iliyokuwa safi, jibu nililompa meneja, na yale aliyoniomba baba yake pale pale barazani nami nikamjibu nilivyomjibu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na haikusogea.

"Ilikuwa safi," alisema.

"Ilikuwa safi, mama. Niliikagua mara mbili."

"Na baba alikuuliza."

"Aliniuliza."

Alitazama nje, penye kitanda cha kamba, ambacho kilikuwa kimesimamishwa ukutani. "Alikuwa akinisamehe kila Ijumaa," alisema. "Jambo nisilolitenda. Amekwenda kaburini akijua ni mimi."

Nilianza kuomba msamaha, akainua kiganja.

"Kwangu si pa kuanzia. Anza pale uliponisingizia, ukirudi tutazungumza."

Siku ya pili nilikwenda kwa meneja. Alikuwa na karatasi nyingi mbele yake. Nilimwambia kwamba virusi vile vililetwa na mimi, kwamba yule mama hakuhusika, na kwamba nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Nadhani hata nilitamani. Aliniangalia kwanza kama asiyefahamu ninazungumzia nini, kisha akakumbuka, akacheka.

"Mambo ya zamani hayo," alisema. "Tumenunua mashine nyingine mara mbili tangu hapo."

Nilisisitiza kwamba mama alipewa barua ya onyo. Aliniambia kama inanisumbua niandike barua nyingine ya kuifuta, naye ataitia sahihi. Niliiandika saa ile ile. Aliisaini akiwa kwenye simu.

Niliipeleka Mtongwe. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza meneja alisema nini. Nilimwambia alicheka. Aliingia ndani na kurudi na daftari. Aliniambia niandike ukurasa wa mwisho, kwa maneno yangu, kwa nini safu ya tatu na kuendelea hazikukamilika, na nani amesababisha. Ili mtu yeyote atakayelifungua asimlaumu baba yake kwamba alisahau, wala yeye. Niliandika ukurasa mzima. Aliusoma, akanirekebisha makosa mawili ya lugha kwa penseli, akalifunga daftari. Neno la kunisamehe hakulitamka, nami sikuliomba tena.

Nimekuwa nikienda kumjulia hali tangu hapo, si mara nyingi. Huitikia salamu yangu, huniuliza habari za wazazi wangu, hunipa chai. Safari moja nilikuta wageni, mume na mke wa makamo, wamekuja kutoka Kisauni. Nyanya yake yule bwana alizaliwa Mtongwe na kuzikwa huko, naye hakuwahi kufika. Alikuwa amesikia kwamba kuna daftari.

Mama alilifungua, akalitafuta jina kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Jina lilikuwamo katika safu ya nne, lakini limeandikwa mara mbili, katika makaburi mawili tofauti, kwa mwandiko wangu, na kando ya yote mawili palikuwa na alama ya kuuliza. Wema wake haukuandikwa.

"Ni moja katika haya mawili," aliwaambia. "Lipi, hatujui."

Bwana yule aliuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kujua. Mama alimjibu hakuna. Hakunitazama. Tulikwenda makaburini sote tukifuatana, wakasimama katikati ya makaburi yale mawili, yenye majani sawasawa. Bwana alisita asijue aelekee wapi, mkewe akamwambia asome tu. Akainua mikono, akasoma Fatiha hapo hapo katikati.